Pancha za Hiram

Kuna watu Mungu amewapimia pancha. Hiram, yule mwenye duka ya chakula ya mifugo karibu na soko ya Nakuru, alikuwa mmoja wao, ama hivyo ndivyo kikundi chake cha baiskeli kiliamini. Kila Jumamosi wakifika juu kabisa ya msitu wa Bahati, pale njia ya mawe inaanza kuanguka kama imesukumwa na mtu, tairi ya Hiram ilikuwa imelala. Si wakati wa kupanda, hapana. Kupanda alipanda, akikohoa kama trekta asubuhi ya baridi, lakini alipanda. Pancha yake ilikuwa na adabu, ilijua mahali pa kumngojea.

"Pole, boss," Kigen, kapteni wao, alimwambia kila mara. "Hii yako inataka maombi."

"Ni shetani," Hiram alijibu. Na hapo hakuwa amedanganya sana, ila shetani mwenyewe alikuwa na kidole, na hicho kidole ndicho kilifinya valvu wakati wengine wanakunywa chai.

Kikundi kilikuwa na sheria moja: mwenye kuharibikiwa asirudishe wengine nyuma. Baiskeli yake inatupwa kwa pikapu ya Jerop, mama aliyewafuata kila safari na maji, ndizi na thermos za chai, na yeye mwenyewe anashuka na barabara ya magari, amekaa kitako, mkanda umefungwa, kama askofu. Hiram alijua kila shimo ya hiyo barabara. Mteremko wenyewe, ule waliuita Msumeno kwa sababu mawe yake yamesimama kama meno, hakuwa ameushuka tangu siku ile.

Siku ile nayo ilikuwa hivi. Daktari alimwambia presha yake imepanda juu kuliko mlima wa Menengai, atafute mazoezi ama atafute fundi wa masanduku. Hiram si mtu wa kufanya kitu nusu. Alinunua helmeti ya rangi ya machungwa, glavu za kukatwa vidole, na ile suruali ya kubana yenye kagodoro ndani. Bibi yake aliishika juu juu akauliza kama siku hizi wameanza kutengeneza nepi za wazee. Halafu akanunua baiskeli ya mtumba kutoka Ulaya, shoki za kumeza mashimo mbele na nyuma, tairi pana kama mkate. Wachuka, shemeji yake, mdogo wa bibi yake, msusi wa nywele na dada mwenye kichwa ngumu kuliko wote kikundini, akaiita Mercedes.

Sasa, Hiram alijifunza kuendesha na baiskeli ya babake, ile nyeusi ya kubeba maziwa, na kwa hiyo mkono wa kushoto ni breki ya nyuma. Hiyo haiko kwa kichwa, iko kwa mkono. Lakini huko Mercedes ilitoka, breki zimegeuzwa, kushoto ni ya mbele. Nani angemwambia? Jumamosi yake ya kwanza kwa Msumeno aliona anakimbia sana, akafinya kushoto kwa nguvu zake zote. Gurudumu ya mbele ikasimama. Hiram hakusimama. Aliona viatu vyake mwenyewe vikipita juu ya macho yake, na nyuma yao mbingu ya Bahati, safi kabisa. Akapoteza jino moja na roho ya kushuka. Jino aliwekewa lingine.

Maxwel, fundi wa kikundi aliyebaki mjini kila safari, alibadilisha waya za breki zikawa za kwetu. Lakini uoga hauna waya. Jumatano tu, akipimia watu dairy meal, Hiram alikuwa amepoteza hesabu ya kilo. Ijumaa chakula hakikupita. Akisikia harufu ya breki ya lori iliyochomeka pale barabarani, alishika meza, na mteja akamuuliza, "Mzee, uko sawa?"

Utauliza mbona hakuacha. Angeachaje? Presha ilikuwa imeshuka kweli. Na Wachuka angemwimbia kwa kila harusi na kila matanga ya ukoo mpaka azeeke. Huyo dada alishuka Msumeno akiimba pambio. Kati ya kuogopa mawe na kuogopa mdomo wa Wachuka, Hiram aliona afadhali pancha.

Sasa shida ya kuonewa huruma ni kwamba watu wanaweza kukusaidia. Kikundi kilikaa, kikaongea bila yeye, na Ijumaa moja Maxwel akaja dukani, akaifungia Mercedes magurudumu mapya.

"Mzee Hiram, tumekumalizia pancha," akasema. "Hapa hakuna tyubu tena. Iko dawa nyeupe ndani. Hata msumari ikiingia, inajiziba yenyewe ukiwa unaenda. Hata hii valvu nimeifunga, haifinywi ovyo ovyo."

"Mungu awabariki," Hiram akasema. Alitabasamu kama mtu ameonyeshwa kaburi yake na kuambiwa imewekwa vigae.

Jumamosi hiyo alipanda msitu pole pole sana, na si mlima ulikuwa unamrudisha nyuma. Kila kona alihesabu sababu: kuumwa na tumbo alishatumia, simu ya dukani alishatumia, harusi alishatumia. Ukungu ulikuwa umelala kwa miti, mawe yana umande, na yeye aliona kila jiwe linang'aa kama jino. Alifika juu wa mwisho.

Wengine wakazunguka pikapu ya Jerop kwa chai na viazi vitamu. Hiram akajifanya anapangusa matope. Akainama, akatoa kaspana kadogo kwa mfuko, akalegeza kanati kanashika waya ya breki ya mbele. Kidogo tu. Ukiigusa breki unaona iko. Ukiifinya kwa nguvu, waya inachomoka. Mpango wake ulikuwa huu: atapanda juu ya baiskeli mbele ya watu wote, afinye, waya itoke, aseme, "Ooh! Tazama shetani!" na aingie kwa gari.

Halafu baridi ya huko juu na ule uoga vikakutana kwa kibofu chake, akaingia msituni kidogo.

Alipotoka, Mercedes haikuwa hapo. Iliyokuwa hapo imeegemea mti ni baiskeli ya Wachuka, ile ngumu isiyo na shoki nyuma. Na watu hakuna. Jerop peke yake alikuwa anakunja turubai.

"Jerop. Baiskeli yangu?"

"Shemeji yako amechukua. Anasema kiti yake inamkata, leo anataka kujua utamu wa Mercedes." Jerop akacheka. "Anasema wewe hata hivyo utapata tu pancha."

"Ameenda lini?"

"Sasa hivi. Kigen alitangulia na wengine, yeye akawa wa mwisho. Si unamsikia?"

Hiram akasikiza. Chini kabisa, kwa ukungu, mtu alikuwa anaimba pambio.

"Wachuka!" akapiga kelele. "Wachuka, simama! Wachuka wee!"

Pambio ikaendelea. Akatoa simu, akapiga, na simu ya Wachuka ikalia pale pale kwa kiti ya pikapu. Jerop akaacha turubai.

"Kwani ni nini mbaya?"

Angesema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini ukweli ulikuwa umekaa ndani muda mrefu, ukakataa kutoka haraka, na kila sekunde Wachuka alikuwa anakaribia ile kona ya kwanza, pale kila mtu anafinya breki kwa nguvu zake zote, kwa sababu ukikosa kukata kona, mbele yako kuna korongo.

Akachukua ile baiskeli ngumu. Hata helmeti hakufunga mkanda wake. Akaenda.

Sitakudanganya ati uoga ulimtoka. Wazee husema mambo kama hayo kwa sababu hawakuwa hapo. Hiram alishuka Msumeno akilia kwa sauti, kamasi zinarudi masikioni, anaita jina la Yesu na la Wachuka bila mpango. Mawe yalimgonga mpaka meno, la dukani na yale ya kuzaliwa. Kila mahali vidole vilitaka kushika breki mpaka mwisho, na kila mahali aliona tena vile viatu vyake vinapita juu ya macho. Lakini kilichomtisha kuliko mawe ni kwamba pambio ilikuwa imenyamaza.

Kwa kona akaona mstari wa gurudumu kwa matope, umenyooka, haukukata. Halafu vichaka vimelala. Halafu Mercedes, chini, imegeuka juu chini, gurudumu ya nyuma bado inazunguka pole pole. Mtu hakuna.

Alijiangusha kutoka kwa baiskeli, maana kusimama alikuwa amesahau. Akatambaa mpaka ukingo wa korongo. Aliogopa kuangalia, akaangalia na jicho moja.

"Shemeji," sauti ikasema karibu na goti lake, ndani ya miiba. "Tafadhali usinikanyage. Siku imeshaharibika vya kutosha."

Wachuka alikuwa amejitupa kando kabla ya korongo. Uso umechanwa, na mkono wa kulia ameukumbatia kama mtoto. Ulikuwa umepinda mahali mkono haupindi.

"Breki imeenda tu," akasema, midomo myeupe. "Nimefinya, ikaenda. Shem, si huu ni mkono wa kusuka?"

Hiram akavua jaketi yake akaufunga nayo huo mkono. Kigen na wengine, waliosikia kelele za Hiram, wakapanda kurudi wakisukuma baiskeli. Kigen akainua Mercedes, akaangalia mbele, akashika ile waya inaning'inia.

"Kanati kalikuwa kamelegea," akasema. Akakasirika polepole, vile watu wapole hukasirika. "Ni Maxwel. Jana ameshika hizi magurudumu na hakukaza. Huyo kijana hatashika baiskeli ya mtu tena. Na nitaambia Nakuru yote."

Hapo ndipo Hiram aliogopa kweli. Kwa sababu mlango ulikuwa wazi mbele yake, mpana, na hakuna mtu alikuwa amemwangalia. Angepita tu. Maxwel angelia, angeapa, na nani angemwamini? Hiram angepanda pikapu, akae kitako, na siri ingekufa hapo Bahati.

Akaangalia ile waya mkononi mwa Kigen.

"Maxwel alikaza," akasema.

"Unajuaje?"

"Ni mimi nililegeza. Pale kwa chai. Nilitaka iniharibikie nisishuke." Kila mtu akamwangalia. "Naogopa kushuka. Tangu nianguke, mimi naogopa."

Maji yalidondoka kutoka kwa miti. Kisha kutoka kwa miiba Wachuka akauliza, pole pole, kama mtu anahesabu vidato vya ngazi:

"Kwa hivyo zile pancha?"

"Ni kidole."

"Zote?"

"Zote."

"Na ile siku pasta alikuombea?"

"Hiyo pia ni kidole," Hiram akaambia viatu vyake.

Walimbeba Wachuka mpaka pale pikapu ya Jerop ilifika. Kigen alipoweka Mercedes kwa gari aliiweka mbali na baiskeli za wengine. Hiram akakaa kiti ya nyuma na mgonjwa, mkono umelala juu ya mapaja yake kwa mto wa majaketi, na kila tuta akauinua kidogo usigonge. Jerop aliendesha kama amebeba mayai. Hiram alingoja matusi. Aliyangoja kwa shimo ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Kuogopa ungeniambia," Wachuka akasema mwishowe, macho amefunga. "Ningekucheka wiki moja. Mbili. Halafu ningechoka."

"Najua."

"Hujui. Ungejua nisingekuwa na mkono kama ndizi." Gari ikaruka kidogo, akauma meno. "Sema tena ile kitu ulisema pale juu. Nilikuwa kwa miiba, sikusikia vizuri."

"Wachuka..."

"Sema, shemeji. Inanisaidia na uchungu."

"Mimi naogopa kushuka."

"Sauti. Jerop hajasikia."

"Mimi naogopa kushuka!"

Walikuwa wameshaingia senta ya Bahati. Akina mama wa viazi wakageuka. Watu wa bodaboda wakageuka. Jerop, bila kuulizwa, akateremsha vioo vyote vya gari na kupunguza mwendo.

"Tena," Wachuka akasema.