Siku Kirusi Kilipopewa Kabila

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitali ya Nachingwea, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mkuu wa Maabara aliniuliza nimesoma mpaka la ngapi. Nikamwambia la nne, tena sikulimaliza. Akanisukumia beseni la vioo vya hadubini.

"Osha. Ukiacha alama ya kidole nitaona mdudu ambaye hayupo, na mtu atameza dawa bure."

Niliosha weee, mpaka akaniamini. Ninyi vijana wa maabara mnaingia na vyeti. Mimi niliingia na mikono, na sioni haya kusema ilikuwa mikono mizuri.

Baadaye akanifundisha kuzungusha damu. Mashine ilikuwa ya mpini: unazungusha, chembe nyekundu zinazama, maji ya damu, manjano mepesi, yanabaki juu. Hayo maji ndiyo yanayopimwa. Ukiwa na pupa chembe zinapasuka, yanakuwa mekundu, kazi imekufa. Mlio wa mashine ile naukumbuka hadi leo.

Miaka ya elfu mbili nikahamishiwa Ruangwa. Huko akaja Daktari Mtafiti kutoka Dar es Salaam, mama mmoja mwembamba asiyejua kuchoka, anafuatilia kirusi cha homa ya ini, ile B. Alinieleza garini: kirusi kikijinakili hukosea herufi, kama mtoto anayenakili ubaoni. Makosa yakirithiwa miaka na miaka yanazaa aina tofauti ndani ya B hiyo hiyo, nazo watafiti wanaziita tena A, B, C, na kuendelea. Alitaka kujua kwetu ipo ipi. Mimi nilikuwa wa kuzungusha damu na kulinda barafu ya boksi hadi kwenye friji ya mafuta ya taa wilayani.

Kwenye mkutano wa kijiji kimoja cha kata ya Likunja akataka kurahisisha. Akasema, "Kirusi hiki kina makabila. Tunatafuta hapa kwenu lipo kabila gani."

Kijijini hapo alikuwapo Asumini, Mmakua wa Msumbiji aliyeolewa na Mmwera aitwaye Saidi. Alikuwa mjamzito, na kliniki walishamkuta na kirusi hicho. Mama mkwe wake alikwisha kulitangaza hilo kisimani. Akasimama Hamisi, kaka yake Saidi.

"Mmesikia wenyewe. Mmakua katuletea kirusi cha kwao. Saidi, mrudishe mkeo ng'ambo ya Ruvuma kabla hajatumaliza."

Saidi akatazama miguu yake. Daktari akasema, "Jamani, nilimaanisha aina," lakini nani wa kumsikiliza? Akaninong'oneza, "Nilidhani nimerahisisha."

"Umerahisisha talaka," nikamwambia.

Asumini akainuka, tumbo mbele. "Shemeji, tupimwe wote wawili. Wakikuta changu kinasema Kimakua na chako kinasema Kimwera, nafunga virago mwenyewe. Au unaogopa sindano?"

Akina mama wakaangua kicheko. Hamisi akakunja mkono wa shati. Nikawatoa damu wote wawili, nikazungusha, Daktari akachovya kipimo kwenye ya Hamisi. Ikatoka mistari miwili. Akataka kumwita pembeni, Hamisi akakataa. "Sema hapa hapa. Miwili ndiyo nini?"

"Ndiyo kwamba unacho, baba."

Mkutano ukavunjika bila mtu kuuvunja.

Chupa zao zikaenda Dar es Salaam. Majibu yalichelewa, na muda wote huo Saidi hakumrudisha mkewe, maana kaka yake naye alikuwa nacho hicho hicho. Tuliporudi, Hamisi alitaka asomewe mbele ya Asumini. Daktari akasoma: wote wawili wana aina A ya kirusi hicho. Akaonya kwamba hilo halionyeshi nani kampa nani. Aina hiyo imeenea pande zetu zote, na wengi huipata utotoni.

Asumini akamtazama Hamisi. "Kumbe tumetoka tumbo moja, shemeji. Na hukunitambua."

Hamisi akacheka hadi akakohoa. Mtoto alipozaliwa, Daktari mwenyewe alisimamia chanjo yake ya homa ya ini.

Sasa nimestaafu. Mashine za mpini hazipo tena, na Mkuu wangu wa Nachingwea ametangulia. Nikisikia mmoja wenu anawaambia wagonjwa ugonjwa fulani ni wa watu fulani, natamani angekuwapo siku ile Likunja. Mwaka nilioacha kazi nilipita kule kuaga. Nyumba ya Saidi ilikuwa inaezekwa upya, na aliyekuwa juu ya paa ni Hamisi. Asumini alikuwa chini anamrushia nyasi, anamwambia akaze kamba vizuri, maana Wamwera hawajui kuezeka.