Mwindaji Tuliyemwita Mtembezi

Habari ilinikuta kwenye basi, Peckham, huku London, mfuko wa ndizi mbichi magotini: yule kaka tuliyefanya naye kazi ya kuwahudumia wazee kule Thamesmead amekutwa amekufa kwenye milima ya Skotlandi. Alikuwa amekwenda peke yake kuwinda kulungu, kama alivyofanya kila vuli kwa miaka niliyomjua. Aliteleza kwenye mwamba uliolowa. Waokoaji walimpata siku ya pili chini ya korongo, bunduki haina risasi na imefungwa vizuri mgongoni, kamba ingali begani, na kwenye ncha ya kamba yuko kulungu dume ambaye kaka alikuwa akimburuta kumteremsha. Nililia mpaka mama mmoja nisiyemjua akanipa tishu. Lakini leo siandiki kwa machozi, ndugu zangu. Naandika kwa kinyaa, na sehemu ya kinyaa hicho ni changu mwenyewe.

Nianze na yeye kwanza. Alikuwa Mkamba wa Kitui, mwembamba, mpole, anayemgeuza mzee kitandani kama anayegeuza mtoto mchanga. Babu yake alikuwa mwindaji wa upinde. Alifungwa kwa ajili ya swala mmoja wa kulisha nyumba yake, enzi zile ambapo wageni wenye leseni walikuwa wakiua tembo na kupigwa picha wamekanyaga mizoga. Akatoka jela akiitwa jangili, na jina hilo likawa la ukoo mzima. Mjukuu akaja huku, akagundua kwamba mtu akisoma, akapimwa, akapewa leseni na kibali cha mwenye shamba, anaruhusiwa kupanda mlima na kuwinda bila kumficha mtu uso. Aliwahi kuniambia, tukikunja mashuka, "Dada, mara ya kwanza nilipokutana na polisi nikiwa na bunduki, akatazama karatasi zangu, akaniambia bwana, uwinde salama. Nilikwenda nyuma ya gari nikalia." Mimi ninayeota ndoto hata nikipiga deki, nikamsihi anichukue siku moja. Akacheka. "Wewe? Ukianza tu kuimba, kulungu wote watahamia Norwe."

Safari moja alirudi mikono mitupu na vidole vya miguu vimekunjamana kama vya mtoto aliyesahauliwa bafuni. Kazini wakamzomea: siku tatu kwenye mvua, hata mguu mmoja? Alisema alimfuata dume mmoja siku mbili nzima, akatambaa kwa tumbo kwenye tope upepo ukimpiga usoni, mpaka akamkaribia, ubavu wa mnyama uko wazi mbele yake. Lakini mnyama alikuwa amesimama ukingoni mwa genge. "Ningempiga angeangukia nisipoweza kumfikia. Nyama ioze, kwa nini? Nimwonyeshe nani shabaha?" Akampungia mkono, akashuka. Yaani mtu anamuaga mnyama! Nilicheka, ila hadi leo sijasikia maneno ya heshima kuliko hayo.

Na alipofanikiwa, nyumba yake ndiyo iliyopata mwisho. Kwao ilikuwa mwiko mwindaji kuingia kwake na nyama kabla ya kugawa. Basi alitoka Skotlandi akiendesha kutwa, na badala ya kwenda kulala anazunguka na masanduku yake ya barafu, Stratford, Peckham, kisha Thamesmead mlango kwa mlango: paja kwa huyu mwenye watoto wengi, ini kwa yule mjamzito, mbavu kwa mwenyekiti wa chama chetu cha mazishi, ambaye alizipenda mbavu hizo kuliko mahubiri. Mkewe alizoea kupokea shingo.

Sasa njooni kwenye kikao cha matanga, sebuleni kwa mwenyekiti huyo huyo. Mimi nilipewa kazi ya kusoma wasifu wa marehemu kanisani, kabla mwili haujasafirishwa. Nilikuwa nimeandika kila kitu, babu, mlima, bunduki na kamba. Mwenyekiti akausoma, akavua miwani.

"Binti yangu, hapa uweke kwamba alikuwa matembezini."

"Lakini mzee, alikuwa anawinda."

"Matembezi hayana bunduki. Unataka Wazungu waseme tunazunguka nchi yao na silaha? Na kule nyumbani waseme mjukuu wa jangili kafa ujangili?"

Shangazi mmoja, muuguzi mstaafu, akaweka kikombe chini. "Na zile mbavu, mzee, zilitembea zenyewe mpaka kwenye friji yako?"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti hakucheka. "Nyama ni nyama, mama. Bunduki ni bunduki."

Mla, mla leo; mla jana kala nini? Nikawatazama waliokula mapaja na maini, kila mmoja anachunguza chai yake. Nami nikachukua kalamu nikakata.

Jumamosi nikasimama kanisani, nikasoma kwa sauti yangu nzuri kwamba kaka yetu alifariki "akiwa katika matembezi ya kupumzika". Watu wakaitikia amina. Mlangoni bintiye akanishika mkono. Ana miaka kumi na minne, amezaliwa hapa, anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza siku zote. Siku hiyo alijibu kwa Kiswahili, tena cha kuvunjika. "Anti, Baba si alikuwa kutembea. Baba alikuwa kuwinda. Kwa nini wewe nasema uongo?"

Nilimkumbatia tu. Jibu ninalo sasa, nalo linanichefua. Huku Ulaya tumezoea kuwafua marehemu wetu. Aliyesafisha vyoo tunamzika afisa, aliyeomba hifadhi tunamzika mfanyabiashara, na sote tunakufa wapole, wacheshi, wacha Mungu. Tunaita heshima. Ni woga tu uliovaa suti. Mchana kutwa tunawapangusa wazee wa watu wengine bila kuona aibu ya mwili wao, halafu tunaona aibu ya maisha ya mwenzetu. Mtu alipanda mlima miaka yote hiyo ili asiitwe tena jina la kujificha, nasi tukamficha kwa dakika tano za wasifu.

Mfu hawezi kuinua mkono kikaoni aseme mmenikosea. Aliyekabidhiwa karatasi yake ndiye mkono wake, na mimi niliushusha kwa kuogopa miwani ya mzee mmoja. Nimejifunza nikiwa nimechelewa. Nanyi mtakaopewa karatasi ya mtu kesho, msikate kitu. Na wewe binti, yeyote atakayekusomea haya, msikilize: baba yako alikuwa mwindaji, na alikufa akiwinda.