Devotha na Jiko Lililofichwa

Ukimuuliza Devotha siku hizi anafanya kazi gani, atakwambia anauza nyumba kwa simu, kisha atacheka mpaka ashike mbavu. Kwa miaka kumi na tisa alichapa barua na kadi za harusi kwenye duka la steshenari karibu na stendi ya Same. Duka likafungwa, mume amekwisha kufariki, na watoto wawili wako sekondari. Aliyemnyanyua ni mzee Eliufoo, fundi mwashi mwenyeji wa Mamba kule juu milimani. "Njoo unitangazie nyumba zangu mtandaoni," alimwambia. "Wewe kuandika unajua." Fadhila hiyo Devotha hajaisahau, na nakuhakikishia hataisahau.

Nyumba zilikuwa tatu, mpya, mwisho wa mji upande wa milimani. Mzee alimalizia humo nguvu na pesa zake zote, na deni juu. Kama Krismasi ingefika bila hata moja kununuliwa, angeuza shamba la tangawizi kule Mamba, alikozikwa mama yake. Mnunuzi wa shamba alikwisha kupatikana. Mzee alilisema hilo mara moja tu, akaangalia pembeni.

Sasa sikia walivyotangaza. "Mjengo mkali wa kisasa! Jipsamu juu, malumalu chini! Wahi!" Picha wakazipiga saa saba mchana, madirisha yote yamefungwa kwa sababu ya vumbi la Same, nyumba zikaonekana kama maghala. Na uani kila nyumba ilikuwa na jiko la kuni la matofali, lina bomba la moshi, safi kabisa. Mzee aliyajenga bila hata kufikiri, maana Mpare gani atajenga nyumba asiweke pa kupikia makande? Lakini wakati wa kupiga picha akaona haya. "Hilo usilipige," alisema. "Watu watatuona washamba." Devotha akatii.

Miezi minne ikapita. Watu waliuliza bei weee, mnunuzi hakuna.

Mwezi wa kumi, mwanamke mmoja aitwaye Careen akaandika kutoka Dodoma: "Jiko la kuni lipo?" Devotha akamjibu upesi, tena kwa maringo: "Hapana dada, hizi ni nyumba za kisasa." Careen akaandika, "Basi, asante."

Jioni Devotha alikuwa kwake, anachambua maharage ya makande, mkono ukasimama juu ya ungo. Jamani! Mbona yeye mwenyewe hayapiki kwenye gesi? Nani ana mtungi wa kuchemshia mahindi saa tatu nzima? "Nimemdanganya mtu wa watu kwa sababu ya kuona haya," alisema peke yake, na hasira zikamshika, hasira za kujikasirikia.

Asubuhi hakuomba ruhusa ya mtu. Alibeba sufuria, kuni na makande yake mpaka nyumba ya kwanza, akawasha moto kwenye jiko la uani, akafungua madirisha yote, akapiga picha jua likiwa bado pole na milima ikionekana vizuri. Tangazo la zamani akalifuta. Akaandika kama anavyoongea: maji ya bomba yanatoka siku mbili kwa wiki, ndiyo maana kuna tangi la lita elfu tano; upepo unapiga mbele, uani kumetulia; mlangoni hakuna ngazi; hospitali ni dakika saba kwa bajaji.

Mzee alipofika alifoka. "Umenianika, Devotha! Mpaka mgao wa maji?"

"Shikamoo, mzee. Nimeandika ukweli. Ukinifukuza nitaondoka, ila kula kwanza."

Mzee alikula, amenuna. Devotha naye akamwandikia Careen: "Nisamehe dada, nilikujibu uongo. Jiko lipo, hili hapa."

Jumamosi Careen akaja na mama yake, bibi Eliakunda wa Vudee. Kila mwezi bibi huyo alishuka mlima kuja kliniki ya presha, na magoti yalikuwa yamechoka. Watoto walishamwonyesha nyumba nne mjini, zote akazikataa bila kusema kwa nini. Hapa alipita sebuleni bila hata kutazama dari, akaenda moja kwa moja uani. Akachungulia jiko, akapapasa ukuta wake, akavuta kigoda na kukaa. Eliufoo alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Nani kajenga hili?" bibi aliuliza.

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mama yako alikulea vizuri." Akamgeukia binti yake. "Careen, mimi mlima sipandi tena. Nenda kaniletee kuku wangu."

Devotha alishukuru Mungu kwa sauti, bila kujali nani anamsikia. Mzee Eliufoo alitoka mpaka barabarani, akampigia simu mdogo wake kule Mamba.

"Mwambie mnunuzi wa shamba asije," alisema. "Mwambie mama anabaki kwake."