Fulana ya Mwisho ya Nambari 47

Kaka yangu Ruphin hajajitazama kwenye kioo tangu mwaka 2018. Mimi ndiye ninayemnyoa ndevu kila Jumamosi asubuhi, uani, na akitikisika namkata, kisha namgombeza. Hadi mwaka jana wapita njia walikuwa wakimwita Honorable, ingawa kiti alishakipoteza. Aliinua mkono bila kugeuka, kwa kuwa aliogopa nguo waliyovaa.

Tulizaliwa Yanonge, baba yetu akiwa mvuvi. Ruphin hakujaliwa mkono wa nyavu, alijaliwa mdomo. Mdomo huo ulimfikisha chuo kikuu hapa Kisangani, ukamfanya mwalimu wa jiografia, na mwishowe ukamshawishi agombee ubunge wa jimbo. Mimi ni fundi cherehani, siasa siziwezi, nikamwambia abaki na ramani zake. Alinicheka. Akachapisha fulana mia tano za njano, uso wake kifuani ukitabasamu, na chini yake namba yake ya kura: Nambari 47.

Siku ya mkutano wake mkubwa alivuka mto kwenda Lubunga kuleta watu. Mpinzani wake alikuwa na mkutano mjini saa ileile, na Ruphin alitaka watu wa redio wakute umati wake kwanza. Mwenye mtumbwi wa injini alikuwa Papa Léon, mtu wa miraba minne, mpole, ambaye hakuwahi kupoteza hata kuku mtoni. Naye alipewa fulana, lakini alimwachia mkewe, Florentine, pale ufukoni ili isilowe, angeivaa akirudi. Walipotimia ishirini na watano, Léon alisema inatosha. Watu walikuwa wanaimba na injini inanguruma. Ruphin akamwinamia, akamwonyesha mto uliotulia.

"Papa Léon, pakiza bote. Mayi iko calme."

Walipanda arobaini na mmoja. Ruphin alitangulia kwa mtumbwi mwingine, akipunga mkono. Katikati ya mto wimbo ulikatika nyuma yake.

Wavuvi walitoa maiti tisa. Nilikuwepo walipolazwa mchangani, na Mungu anisamehe, sikuona wafu kwanza. Niliona nyuso tisa za kaka yangu, zimelowa, zinatabasamu. Léon hakuonekana kamwe.

Ruphin alileta majeneza, akalia kwenye redio, akasema mwenye mtumbwi alipakia kupita kiasi. Watu walimhurumia, wakampa kura. Akawa Mheshimiwa.

Sasa, mjini kwetu nani anatupa nguo nzima? Fulana zile zilidumu zaidi ya ubunge wake. Waendesha toleka walizivaa wakikanyaga baiskeli zao za abiria juani, na mama wauza kwanga walifunikia mabeseni ya mikate hiyo ya muhogo. Siku moja alinyamaza katikati ya hotuba bungeni kwa sababu mfanya usafi alikuwa akipiga deki korido kwa fulana yenye uso wake, na maji yakamtoka machoni, yaani yale ya kwenye kitambaa. Alianza kuzunguka barabara za nyuma. Alikonda. Aliposhindwa uchaguzi wa 2023 nilidhani atapumzika, kumbe ndiyo kwanza mateso yalianza. Asubuhi moja, sabuni ingali shavuni, aliniambia maneno aliyomwambia Léon. Nami sikumwambia mtu, kwa sababu ni kaka yangu, na ninaona aibu mpaka leo.

Akaniomba nizikusanye fulana zote. Nilishona mashati, nikapita nyumba kwa nyumba kubadilishana, kama mwendawazimu. Nyingine zilikuwa zimebaki kola tu. Nilizichoma chini ya sufuria zangu mwaka mzima na zaidi. Ikabaki moja.

Hiyo Florentine aliivaa kila siku juu ya blauzi yake, shambani na sokoni. Wanawake walisogeza mabeseni yao mbali alipokaa, maana kwao alikuwa mke wa aliyezamisha watoto wa watu. Nilimpelekea gauni jipya. Alilipapasa, akasifu pindo langu, akanirudishia. Alisema fulana ataitoa kwa mwenye uso, akija mwenyewe.

Ruphin alikaa miezi mitatu na neno hilo. Kisha tarehe mbili Novemba mwaka jana, siku ya kuwaombea marehemu, alivuka, mara ya kwanza baada ya miaka saba. Alinibana mkono mtumbwini mpaka pete ikaniuma, na hakutazama maji. Kanisani Lubunga husomwa majina ya waliozama, tisa kila mwaka, la Léon halimo. Florentine alikaa nyuma, peke yake kwenye benchi. Padri aliposoma la tisa, kaka yangu alisimama.

"Léon alikatala," alisema. "Mimi njo nilimuambia apakize bote. Kisha nikamusingizia ku radio."

Mama mmoja aliyezika mabinti wawili alitoka nje bila kumtazama. Padri akatafuta kalamu, akaandika, kisha akasoma jina la kumi.

Nje, Florentine alitufuata. Aliivua fulana, akaikunja vizuri kama nguo ya mgeni.

"Siku ile mimi nilikusikia," alisema. "Nilisema, batu bakaniita muongo. Miaka saba nimemuvalia bwana yangu. Sasa vala weye."

Akaenda zake. Wanawake wawili walimfuata nyuma, wakamfikia, wakatembea naye.

Ruphin aliivaa palepale. Mjini hawamwiti tena Honorable, na wengine hawamsalimu kabisa. Bado namnyoa Jumamosi. Uso wa kifuani umefifia, yamebaki macho tu na meno, nami najitahidi kutazama wembe. Nilitaka kuipunguza mbavuni, maana kazi yangu ndiyo hiyo. Alikataa. Inamning'inia vibaya, kwa sababu Léon alikuwa mtu mkubwa.