Mlango wa Sakafuni

Mtaani walimwita Fundi Milimita, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mteja akimletea kabati lililotengenezwa kwingine, alichuchumaa, akapitisha ukucha kwenye ufa wa mlango, kisha akasema kwa masikitiko kama mtu anayetoa habari za msiba, "Hapa wamepoteza milimita tatu." Milango yake yeye haikuwa na ufa. Ukifunga umefunga, hata mende atafute njia nyingine. Miaka ishirini na sita alifanya kazi hiyo kwenye karakana ya bati nyuma ya soko, maranda yakimfika vifundoni, penseli sikioni, na hakuna aliyewahi kumrudishia mlango.

Hakuwahi kuoa. Alisema mbao zinamtosha, maana mbao hazinuni. Lakini nyumba ilijaa ghafla miaka mitano kabla ya habari hii, pale dada yake mdogo alipouawa na mumewe. Hapakuwa na fumbo lolote la kufumbua. Mume, mpakiaji magunia kwenye maghala, jitu la miraba minne, alimpiga mkewe kichwani kwa mchi wa kinu, saa nane mchana, jua linawaka, na binti yao wa miaka tisa amesimama mlangoni amembeba mdogo wake kiunoni. Majirani walipofika walimkuta mume amekaa kwenye kochi, mchi uko magotini. Mahakama ikamhukumu kunyongwa hadi kufa, na Fundi Milimita akawachukua watoto wawili akawaleta kwake, pamoja na mama yake mzazi, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi. Yeye watoto walimwita Mjomba.

Bibi hakuwa mtu wa maneno mengi, ila kwa jambo hili alikuwa nayo. Mchungaji mmoja alipokuja kumweleza habari za kusamehe, alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha chai, kisha akamwambia, "Mwanangu hatafufuka, hilo najua, usinifundishe. Lakini yule anaamka. Kila siku anaamka, ananawa uso. Kwa nini anawe uso?" Mchungaji alikunywa chai yake akaondoka, na hakurudi tena.

Fundi Milimita alikuwa upande wa mama yake, tena kwa moyo wote. Kwa kinyozi, msibani, popote mjadala ulipozuka kama ni haki kumnyonga muuaji, yeye alikuwa wa kwanza kupandisha sauti. Aliapa kwamba wangempa kamba angeivuta mwenyewe, kisha angeenda kula chakula cha mchana bila hata kunawa mikono. Watu walimwelewa. Nani angembishia mtu aliyemzika dada yake akiwa hana upande mmoja wa uso?

Basi siku moja akaja karakanani mwanamume mnene aliyevaa sare ya magereza, mfuko wa shati umejaa karanga, anamenya na kutafuna bila kupumzika. Huyo tutamwita Afande Karanga, kwa kuwa askari wenzake walimwita hivyo. Alikagua milango iliyoegeshwa ukutani, akaisukuma mmoja mmoja, akaridhika. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba anatafuta fundi hodari asiye na mdomo. Gerezani kuna mlango wa sakafuni umeliwa na mchwa, wafungwa hawaruhusiwi kuugusa, na kuna watu watatu wanausubiri.

Fundi alielewa mara moja ni mlango gani, na damu ikamwenda mbio. Akapewa fomu ya kujaza. Swali la sita liliuliza kama ana ndugu, jamaa au mkwe miongoni mwa wafungwa. Aliandika HAPANA kwa herufi kubwa, akakaza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Kwa hesabu yake, mtu aliyemuua dada yako si shemeji tena. Nyumbani akasema amepata kazi ya kutengeneza milango ya stoo za gereza. Bibi aliguna. Binti, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na minne, alimtazama mjomba wake kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akaendelea kuchambua mchele.

Alitegemea shimo la kutisha, kuta zenye ukungu, popo. Laiti angekuta hayo. Alikuta chumba kisafi kilichopakwa rangi ya maziwa, sakafu inang'aa na kunukia dawa ya kusafishia choo, kalenda ya kampuni ya bima ukutani, na meza ndogo iliyotandikwa kitambaa cha kufuma. Mtu alikaa chini akafuma kile kitambaa, maua mekundu pembeni, ili kipendeze humo. Kitambaa hicho ndicho kilichoanza kumchafua Fundi moyo. Alikigeuzia mgongo akafungua sanduku la vifaa.

Mlango wenyewe ulikuwa na mbao mbili pana zinazokutana katikati, chini yake komeo la chuma, na pembeni wenzo wa kulivuta hilo komeo. Wenzo ukivutwa, mbao zote mbili huanguka kuelekea kwenye shimo. Mchwa walikuwa wametafuna mpaka kwenye bawaba. Fundi alizing'oa, akapima, akakata mninga mpya, akapiga randa na msasa kwa siku nne. Siku zote nne Afande Karanga alikaa kwenye kiti kando ya shimo, anamenya karanga, maganda anayatupa mle ndani, na kuongea. Ukimsikia nje ya pale ungesema ni mtu mwema. Alikuwa na watoto watatu, alikuwa anatafuta kitanda cha futi tano kwa sita, na alimtaka fundi amfikirie bei.

Aliongea na habari za kazi. Alieleza kwamba kamba hukatwa kwa kufuata uzito wa mtu. Ikiwa fupi, mtu atahangaika robo saa nzima anapiga miguu, na daktari anachelewa kwenye shughuli zake. Ikiwa ndefu, aah, ikiwa ndefu, akachukua karanga moja, akaibinya kwa kidole gumba, punje ikaruka kutoka kwenye ganda lake. Akaiokota sakafuni akaila. Fundi Milimita aliinamia randa yake akahisi mate yanamjaa mdomoni, mate yale mepesi yanayotangulia kutapika, akayameza.

Alijiambia ni joto. Alijikumbusha mchi, kochi, sanda. Hasira ilikuja kama kawaida, lakini kinyaa hakikuipisha.

Siku ya tano ilikuwa ya majaribio. Askari wawili walileta gunia la mchanga lililopimwa kwenye mizani, wakalifunga mkanda kiunoni, na mmoja akalichorea macho na mdomo kwa chaki. Akalichorea na chozi. Walicheka sana kwa hilo chozi. Wakalisimamisha katikati ya mlango, wakalivisha kamba, na Afande Karanga akavuta wenzo.

Gunia halikwenda popote. Komeo liliachia, lakini mbao zilibaki zimeshikana vilevile, hazikusogea hata unywele. Fundi alikuwa amezibana kama anavyobana milango yote maishani mwake, bila ufa, ukucha usipite. Askari wakaangua kicheko. Afande alimshika bega kwa upole.

"Fundi, milango yako ya mtaani inakaza. Huu wetu unatakiwa uachie."

Hapo ndipo Fundi Milimita alipofanya jambo ambalo baadaye hakujisamehe. Aliona aibu, aibu ya ufundi tupu. Miaka ishirini na sita, halafu achekwe na vijana wa bunduki kwa sababu ya mlango! Alizing'oa mbao zote mbili, akazipunguza milimita tatu kila ukingo, akapaka nta kwenye bawaba, akalainisha komeo kwa grisi. Alifanya kazi kwa ulimi nje, kama anavyofanya akinogewa. Akarudisha. Gunia likasimamishwa, wenzo ukavutwa, na mlango ukafunguka kwa mpigo mmoja safi, gunia halipo, kamba imekazwa wima. Askari wakapiga makofi. Fundi akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Naam, sawasawa," na akagundua kwamba anatabasamu.

Akachungulia shimoni. Gunia lilikuwa linazunguka polepole juu ya maganda ya karanga. Mshono wa shingoni ulikuwa umefumuka na mchanga unamwagika, na ule mdomo wa chaki umekunjika upande. Akauliza, kwa kutafuta la kusema tu, kwa nini gunia ni jepesi vile.

"Kilo hamsini na nne," Afande Karanga alisema. "Ndivyo alivyo wa kwanza wetu. Yule aliyemuua mkewe kwa mchi. Alikuja hapa ana kilo mia na ushee, kisukari kimemmaliza. Sasa tunamchoma sindano kila asubuhi, tunampimia chakula, maana mgonjwa hanyongwi. Sheria hairuhusi."

Fundi alitoka nje, akafika kwenye bomba la uani, akatapika chai yote ya asubuhi na mkate wake. Tusimpake mafuta: hakumwonea huruma shemeji yake, hata tone. Kama yule mtu angekufa kwa kisukari chake usiku ule, Fundi angelala vizuri. Kilichomtapisha ni ile sindano ya kila asubuhi. Ni wale watu wazima waliokaa wakamtibu mtu ili apone vya kutosha kunyongwa, wakachora chozi, wakafuma kitambaa. Na katikati yao yuko yeye, na nta yake, na lile tabasamu. Shemeji yake alimuua dada yake kwa ghadhabu za dakika moja. Yeye alikuwa amepiga msasa kwa siku nne.

Aliporudi ndani alikuta fomu mezani, juu ya maua mekundu. Fundi aweke sahihi kwamba mlango umejaribiwa na unafanya kazi, na bila sahihi hiyo hakuna shughuli. Alisimama nayo mkononi. Aliona bado ana nafasi, kipande cha karatasi tu, na akili yake ilishika hapo kama mtu anayezama.

"Sisaini," alisema. "Niliwadanganya. Aliyeuawa ni dada yangu. Huyo mtu wenu ni shemeji yangu, na watoto wake ninao mimi nyumbani."

Afande Karanga aliacha kutafuna, kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Alimtazama kwa huruma. Akasema pole sana, angesema mapema wangetafuta mwingine. Kisha akachukua fomu, akauangalia mlango, akasogea akaukanyaga kwa kisigino kuona kama umekaa.

"Lakini mlango ni mzuri," alisema. "Nitasaini mimi. Sheria inaruhusu."

Akasaini. Akamsindikiza mpaka getini, akamkumbusha lile la kitanda.

Fundi alifika nyumbani mchana. Binti alikuwa uani anafua sare ya shule ya mdogo wake, na Bibi amejilaza ndani, dirisha wazi. Fundi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakuwa amepanga kusema, lakini yalimtoka yote, tangu swali la sita mpaka gunia. Akamaliza kwa kumwambia kwamba alikataa kusaini.

Binti aliendelea kufikicha kola. "Ulikataa kabla mlango haujafunguka au baada?"

"Baada."

Alisuuza lile shati, akalikamua, akalianika, akazipanga pini moja moja. Ndipo akageuka.

"Mimi namchukia kuliko wewe," alisema. "Nyie mliletewa habari. Mimi niliona. Sijawahi kumwombea hata siku moja. Lakini huyu mdogo akiniuliza baba alikufaje, nilikuwa nitamwambia serikali ndiyo iliyomuua. Sasa nitamwambia nini?"

Ndani, kitanda kililia. Bibi alikuwa ameamka, na alikuwa amesikia kila neno kupitia dirishani. Alitoka bila ushungi, akamshika mwanawe kichwani kwa mikono yote miwili, machozi yanamtoka, akambariki. Yeye na uzee wake, alisema, sasa anaweza kufa, kumbe mwanawe hakukaa bure.

Walimnyonga Alhamisi. Barua ilikuja mistari minne, na mhuri. Kufikia Jumamosi Bibi alikuwa ameshawaambia majirani wote, na wao hawakumwangusha. Fundi akipita sokoni watu walimkamata mkono, wakautikisa, wakamwita mwanamume. Kinyozi alikataa kupokea hela yake. Mwenye duka la vyuma alimwuliza, kwa kunong'ona na macho yanang'aa, kama kweli shingo hulia. Kila aliyemshika mkono alimwachia unyevu wa jasho, na Fundi akawa ananawa, anarudi karakanani, ananawa tena, mpaka vidole vikamchubuka.

Jumapili, wakati wa chakula cha mchana, alikuwa amesimama kwenye bomba la uani anafanya hivyohivyo. Binti alitokea mlangoni. Nidhamu haikumpungua hata kidogo, kitambaa cha kufutia mikono alikuwa amekikunja vizuri, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Fundi," alisema, "chakula tayari."

Mdogo wake, aliyekuwa nyuma yake ameshika sketi, aliangalia huku na huku kutafuta ni nani anayeitwa.