Ngome Inayofuliwa Kila Jioni

Jua halijapanda hata nusu ya ukuta, na fundi Khodadad keshachoka. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, chini ya lango la ngome ya Wareno hapa kisiwani Hormuz, anauangalia ufa mpya kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyekuja kulala bila kualikwa.

"Jana hukuwepo," anauambia. "Umetokea wapi na asubuhi hii?"

Ufa haujibu. Bahari inajibu kwa niaba yake: inapiga jiwe, inarusha chumvi, inarudi nyuma kujipanga upya. Kazi ya bahari ni kubomoa, kazi ya Khodadad ni kuziba, na hadi leo bahari haijawahi kulalamikia mgongo.

Anainuka. Mkono mmoja gotini, mwingine ukutani, "Ya Allah" moja ya kwenda juu na nyingine ya kushukuru kwamba amefika. Anapandisha suruali, anaingia peku kwenye rundo la udongo mwekundu, chokaa, majivu na manyoya ya mbuzi, anaanza kulikanyaga.

"Wareno walijenga, wakaondoka," anasema huku akikanyaga. "Wafalme wakaja, wakaondoka. Watalii wanapanda, wanapiga picha na mizinga, wanaondoka. Mimi tu ndiye sijaruhusiwa kuondoka."

Ana miaka sitini na moja. Baba yake aliziba ukuta huu huu, na alipokufa alimwachia mwiko, ngazi na maumivu ya kiuno. Siku yenye kazi Khodadad hulipwa tumani laki sita, ambazo anasema zinatosha mchele, samaki na kulalamika. Siku ya dhoruba hakuna malipo, ingawa ndiyo siku ambayo ukuta unamhitaji zaidi.

Hatua chache kutoka kwenye rundo lake, dada yake Zeytun anachoma mikate myembamba juu ya bamba la chuma na kuwauzia wanaoingia ngomeni. Juu ya kila mkate anapaka mchuzi mwekundu wa dagaa, chumvi, ganda la chungwa na udongo, ulioachwa juani mpaka ukaiva. Udongo ni wa kilima kile kile anakochimba kaka yake. Hapa kisiwani kilima kimoja hulisha nyumba na huziba kuta, na kwa kawaida hakuna anayechanganya mambo hayo mawili.

Kwa kawaida.

"Udongo wa msimu mzima!" Zeytun anasema, akimwelekezea kaka yake mkate wa moto kama mtu aliyeshika bastola. "Nimeuchekecha mara tatu mpaka mkono umekufa ganzi. Nikauweka kwenye chungu hapo kivulini, nikaenda kuswali. Kurudi, chungu kitupu, bwana yuko juu ya ngazi anapiga lipu!"

"Chungu kilikuwa kando ya changu," Khodadad anajitetea.

"Chako kina manyoya ya mbuzi! Hata kipofu angeyapapasa akajua!"

"Nilikuwa nimechoka, Zeytun."

"Kwani lini hukuchoka, kaka?"

Kisa hicho cha chungu ni cha majira ya baridi ya mwaka juzi, ingawa Zeytun bado hukisema kama cha jana. Sehemu iliyozibwa, juu kidogo ya upinde wa lango, sasa inaitwa Kiraka cha Zeytun. Chungu kilikuwa na masalio ya mchuzi wa zamani, kwa hiyo paka wa mtaa mzima hukaa chini ya lango wakiangalia juu kwa heshima. Madereva wa bajaji wakipita humwuliza Zeytun lini ukuta utakatwa vipande uliwe.

Yeye hacheki. "Siku kitakapodondoka," anasema, "nitakichukua nikapikie."

Khodadad hurudi nyumbani jioni akiwa mwekundu kuanzia kisigino hadi kope. Mkewe, Morvarid, anamngoja uani na beseni. Amevaa barakoa yake ya jadi ya kufunika uso, kama wanawake wa rika lake wote, na nyuma yake hujui kama anacheka au amenuna mpaka afungue kinywa.

"Watu wanatoka ng'ambo, wanapanda boti kuja kuiona ngome," anasema. "Mimi kila jioni inanifuata nyumbani ndani ya suruali. Naifua, naikamua, naianika. Asubuhi inaondoka, jioni imerudi."

Lakini ndani ya lango Morvarid hajawahi kukanyaga.

Walipooana, Khodadad alimwahidi kwamba akimaliza ukuta atampeleka juu kwenye mizinga, wakae wale mkate kama watalii, mtu asimtume mtu maji.

"Nikamwuliza, ukuta unaisha lini? Akasema kabla ya Nairuzi," Morvarid anakumbuka. "Sikumwuliza Nairuzi ipi. Msichana wa miaka kumi na tisa unaulizaje?"

Majirani humwambia lango liko wazi, si aingie tu. Hilo linamuudhi kuliko udongo. "Niingie peke yangu kwenye ngome ya mume wangu, kama niliyepotea njia? Aliyeahidi ni yeye. Aje anichukue."

Basi kila mwaka mpya wa Nairuzi ulipokaribia Khodadad aliongeza kasi, na kila Nairuzi ukuta ulimzidi kwa ufa mmoja. Mwaka huu, wiki moja kabla ya sikukuu, madereva wa bajaji walileta habari kutoka gatini: mhandisi anakuja kutoka bara kuamua kama lango lifungwe.

Jumatano adhuhuri, Mhandisi Farahmand anashuka kwenye boti, kofia ngumu kichwani, uso kijani kwa mawimbi. Ni kijana mpole. Kabla ya salamu kuisha Zeytun amemshikisha mkate.

"Kula kwanza, mwanangu. Usihukumu ukuta wa watu na tumbo tupu."

"Hii ni rushwa, mama?"

"Rushwa ingekuwa na yai."

Mhandisi anakula, anafuta vidole, anatoa nyundo ndogo. Anagonga ukuta huku sikio likiwa karibu na jiwe. Mlio ni wa boga kavu. Anasogea, anagonga tena. Boga tena. Khodadad anamfuata nyuma, mikono nyuma, kama mzazi aliyeitwa shuleni.

"Mzee Khodadad, huu ukuta umeshikiliwa na nini?"

"Na aibu, mhandisi."

Kijana anatabasamu, lakini si sana. Anapanda ngazi mpaka juu ya upinde, mahali ambapo jiwe likiteleza litamwangukia anayeingia. Paka wanainua vichwa. Anagonga. Safari hii nyundo inarudi na sauti nene, ya jiwe lililoshiba.

Anagonga tena. Anagonga mara ya tatu, anageuka.

"Hapa mliweka nini?"

"Chakula cha watoto wangu!" Zeytun anapayuka toka chini.

Inabidi aelezwe. Chungu hiki, chungu kile, swala, ngazi, uchovu. Mhandisi anacheka mpaka anashuka na kukalia ndoo ya Khodadad. Kisha anasema kwamba huenda ni kwa sababu tu upande ule haupigwi na maji ya chumvi. Hakuna hata mmoja pale langoni aliyetaka kusikia hilo, paka wakiwemo.

"Nitasema ukweli," anaendelea, na kicheko kimeisha. "Nilikuja kulifunga leo. Kwa kuwa hapo juu pameshika, nitaliacha mpaka Ijumaa alasiri. Baada ya hapo hapaingii mtu. Watakuja mafundi na mitambo kutoka bara. Miaka miwili, labda mitatu."

"Na mimi?" Khodadad anauliza.

"Wewe upumzike, mzee wangu."

Khodadad amelalamikia kukosa kupumzika maisha yake yote. Sasa amepewa mapumziko na hajui ayaweke wapi. Anaokota mwiko wake, anaufuta kwenye suruali, anaufuta tena, ingawa ulishakuwa safi.

Zeytun anaongea kwanza, kwa sauti ya chini ambayo hatuijui kwake. "Mikate nitahamishia gatini, kaka. Watu wanashuka pale na njaa. Wewe nenda nyumbani kamwambie wifi yangu."

Nyumbani, beseni liko tayari. Khodadad hakai.

"Lango linafungwa Ijumaa," anasema.

"Ukuta umeisha?"

"Haujaisha."

"Basi ahadi bado."

"Hautaisha, Morvarid." Anavua kanzu yake ya kazi, anaishika mkononi bila kumpa. "Ukuta umenishinda. Ulimshinda baba, umenishinda na mimi. Nilikuwa nakudanganya, na nilianza kwa kujidanganya."

Morvarid anaifikia kanzu na kuivuta toka mkononi mwake.

"Miaka yote hii nangoja useme hivyo," anasema. "Ungesema mapema tungepanda nikiwa na magoti. Sasa utanibeba?"

"Nitakubeba."

"Na kiuno hicho? Tutafika mzinga wa kwanza lini, Nairuzi ipi?"

Hapo ndipo anacheka, na barakoa inatikisika.

Mpango ni huu. Ijumaa asubuhi, kabla jua halijakomaa, watachukua bajaji mpaka langoni. Khodadad atanunua tikiti mbili. Mlinzi atacheka, na Khodadad anasema acheke tu, mradi awapishe. Watanunua mkate kwa Zeytun na kuulipia, jambo ambalo Zeytun keshasema atalichukulia kama tusi. Watapanda polepole, wapumzike kila mahali penye kivuli, wakae kwenye mizinga waiangalie bahari kama watu wasio na ugomvi nayo.

Morvarid ametoa masharti yake huku akikamua. Hakuna ndoo. Hakuna mwiko. Ufa ukionekana, mtu anaupita kimya kama anavyompita jirani aliyekosana naye.

"Hata kidole?" Khodadad anauliza. "Kuugusa tu?"

"Hata kidole."

Shati jeupe ambalo Khodadad alilivaa kwenye arusi ya binti yao limeshapigwa pasi, linaning'inia mlangoni, mbali na beseni. Khodadad analitazama kwa wasiwasi. Hajawahi kuingia ngomeni na nguo nyeupe, na anaujua udongo ule, haumkosi mtu.

"Na likirudi jekundu?" anauliza.

"Likirudi jekundu," Morvarid anasema, akitundika suruali ya mwisho kwenye kamba, "utalifua mwenyewe."