Mwenyekiti Hasimami Kona Yoyote

Ardith Tjaden aliongoza mikutano ya mchujo ya chama chake katika mji wetu wa Haverdal, jimbo la Iowa, Marekani, kwa zaidi ya miaka ishirini, na muda wote huo alishika kanuni moja ambayo haikuandikwa popote: mwenyekiti hasimami kona yoyote. Sheria za chama zilimruhusu kusimama. Mwenyekiti naye ni mpiga kura, jina lake limo katika orodha, na hakuna ambaye angemshtaki. Alikataa tu.

Enzi hizo wanachama wa chama chake hawakutia karatasi sandukuni. Walikusanyika katika ukumbi wa shule ya msingi, kila mgombea urais akapewa kona yake, na mtu akaenda kusimama anakotaka mbele ya macho ya jirani zake. Kona ambayo haikufikisha asilimia kumi na tano ya waliohudhuria ilivunjwa, na watu wake wakahamia kwingine au wakarudi nyumbani. Chama kingine kilikutana kanisani ng'ambo ya barabara, kikaandika majina kwenye vipande vya karatasi, kikamaliza mapema. Tulijivunia kwamba kwetu hakuna anayejificha. Siku hizi nina shaka kama mtu anayejua jirani yake alisimama wapi anaishi naye vizuri kuliko asiyejua.

Kanuni ya Ardith ilitokana na aibu. Mwaka wake wa kwanza wa uenyekiti alikwenda kusimama katika kona aliyoipenda, kisha akarudi mezani kuhesabu, na kona ile ikapata mjumbe wa ziada wa kumpigia mgombea wake kura ngazi ya juu, kwa tofauti ya mtu mmoja. Duane Rickert, fundi wa matrekta, alikuwa katika kona iliyoshindwa. Alipaza sauti ukumbi mzima ukasikia:

"Jamani, mmeona? Refa katoka kati, kafunga goli, karudi kupuliza kipenga!"

Watu walicheka sana. Ardith hakucheka. Alisimama, akakunja miwani yake, akasema, "Duane, umesema kweli. Maadamu mimi ndiye ninayehesabu, sitasimama tena."

Hakuna aliyemwomba ahadi hiyo. Aliitoa mwenyewe.

Sasa nije kwenye mwaka wa mwisho wa mikutano ile. Tulikuwa tumeshachoka kabla haujaanza. Simu zililia wakati wa chakula, kila siku, sauti ya mtu wa mbali ikiuliza kama unaweza kutegemewa. Masanduku ya barua yalijaa picha za wagombea waliovaa mashati ya kazi yaliyopigwa pasi. Walikuja mgahawani, wakala kipande cha pai mbele ya kamera, wakasifu mji wetu kwa jina la mji wa jirani, wakaondoka. Nimewaona wengi. Wanapenda kuishika mikono yetu kwa wiki sita kila baada ya miaka minne, na sisi tunajidanganya kwamba wametujua.

Aliyedanganyika kuliko wote mwaka ule, nasema hili kwa huruma, alikuwa Delmar Harms, mdogo wake Ardith, ndugu yake wa pekee. Delmar alikuwa mfugaji wa ng'ombe, mwanamume wa miaka sitini na minne ambaye hakuwahi kuvaa beji ya mwanasiasa yeyote. Seneta mmoja kutoka mbali, mmoja wa wagombea, alifika katika banda lake, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamsikiliza kwa dakika arobaini akieleza jinsi wanunuzi wachache wa nyama wanavyowanyonga wafugaji. Dakika arobaini. Hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza Delmar kwa muda huo, hata mchungaji wetu. Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa seneta. Yeye na mkewe Joleen walibisha hodi nyumba kwa nyumba kwenye theluji, na alitaka jambo moja tu: kona ya seneta isimame Haverdal.

Jumapili moja kabla ya mkutano walikula nyumbani kwa Ardith kama kila Jumapili tangu mume wa Ardith alipofariki. Joleen alinisimulia mazungumzo yao baadaye.

"Dada, sema kweli," Delmar aliuliza. "Moyo wako uko kwa nani?"

"Kwa mtu wako. Nimemsikiliza, nimempenda. Lakini hutaniona konani kwake."

"Najua, najua. Wewe hesabu tu. Kujaza ni kazi yetu."

Wakacheka, wakapitishiana viazi.

Jioni ya mkutano mlango ulifungwa saa moja kamili, kama sheria ya chama inavyotaka. Mimi nilikuwa kwenye meza ya majina. Tulikuwa hamsini na saba, Ardith akiwemo, kwa hiyo kona ilihitaji watu tisa ili isimame. Joleen alikuwa amekuja peke yake na alikuwa akiangalia mlango kila dakika.

Saa moja na dakika sita Delmar akagonga. Ardith alimfungulia mwenyewe. Delmar alikuwa na ovaroli ya zizini, damu imekauka hadi kiwikoni.

"Samahani, dada," alisema akihema. "Ndama katanguliza matako. Kama chama chetu."

Ukumbi uliangua kicheko, Ardith pia. Kisha akamwambia, "Karibu ndani, Delmar, upate joto. Lakini utakaa na watazamaji. Hesabu imeshafungwa."

"Sheria ni sheria," Delmar alijibu. "Nimechelewa mwenyewe."

Akaketi ukutani kwenye kiti kidogo cha watoto wa darasa la kwanza, magoti yakimfika kidevuni. Nataka ieleweke kwamba kuhusu mlango hakulalamika, wala siku ile wala baadaye.

Ardith akatoa amri, watu wakaenda kwenye kona zao. Akazunguka na karatasi yake akigusa kila mtu begani, kama kawaida yake. Alipofika kona ya seneta akahesabu mara moja, kisha akarudia. Walikuwa wanane.

"Kona hii haijafika," alitangaza. "Mna nusu saa. Mkipata mmoja, mtasimama. Msipopata, mtavunjika."

Watu wa kona kubwa wakawamiminikia wale wanane, wakiwavuta mikono kama wauza nguo sokoni. "Njoo kwetu, bibi, kwetu kuna biskuti." "Mtu wenu amekwisha, mnapotezea nini kura?" Nao wale wanane wakazunguka kumtafuta mtu mmoja. Wakamwendea mwalimu, akakataa. Wakamwendea mwenye duka la mbegu, akawaambia mkewe yuko naye kona moja, na usiku ule yeye alitaka kulala kitandani kwake. Zikabaki dakika kumi.

Hapo Joleen akatoka konani, akaja hadi mezani.

"Wifi, simama nasi."

Ardith aliinua macho. "Joleen, unajua siwezi."

"Jina lako limo. Umehesabiwa katika hao hamsini na saba. Sheria inakuruhusu, nimemuuliza huyu hapa." Akaninyooshea kidole. Nilitikisa kichwa kukubali, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Kutoka kona kubwa Duane Rickert, sasa mzee mwenye mvi na tumbo, akaita, "Haya, refa! Ingia uwanjani, mpira huo!"

Wachache walicheka. Sidhani Duane alikusudia ubaya. Lakini niliona shingo ya Ardith ikiwa nyekundu.

Delmar alisema kutoka kwenye kiti chake kidogo, kwa sauti ya chini kabisa, "Dada. Hatua kumi tu."

"Siwezi, Delmar."

"Unaweza. Hutaki."

"Nilitoa ahadi katika chumba hikihiki."

"Kwa nani? Nani anaikumbuka?"

Ardith alitazama saa ya ukutani mpaka nusu saa ikaisha, akasimama, akatangaza kwamba kona ya seneta imevunjika. Wanne kati ya wale wanane walihamia kona nyingine. Watatu waliketi. Joleen alichukua koti lake, akamshika mume wake mkono kama mgonjwa, wakatoka.

Baada ya mkutano, tukiwa kwenye birika la kahawa, Duane alimwendea Ardith.

"Mimi ningekuwa wewe ningesimama," alisema.

"Wewe ndiye uliyenikemea."

"Ardith! Miaka ishirini! Nilikuwa natania."

Nilimwona akiweka kikombe chini bila kunywa. Jirani mmoja aliniambia kwamba hapo ndipo ilipaswa kumwingia kwamba alikuwa ameshika ahadi ambayo hakuna mwingine aliyeitunza. Mimi naona vinginevyo. Ahadi haipimwi kwa kumbukumbu ya aliyeisikia. Mtu anayehesabu kura za wenzake akijiruhusu kusogea hatua kumi kwa sababu safari hii ni ndugu yake, basi nchi nzima haina wa kuhesabu. Nililiamini hilo siku ile na ninaliamini leo. Ila kuna kosa moja ninalompa: alipotangaza, alimpa Delmar mgongo. Angeweza kumtazama.

Siku iliyofuata video ya mzozo ule ilikuwa kila mahali, maana mtu alikuwa ameirekodi kwa simu. Watu ambao hawawezi kuionyesha Iowa kwenye ramani walimpigia Ardith wakimwita kibaraka, wengine wakimsifu kwa kumkomoa seneta, jambo ambalo lilimuumiza zaidi. Alipika bakuli la kuku na tambi, akaendesha hadi kwa Delmar. Joleen alilipokea kibarazani.

"Amelala," alisema. Ilikuwa saa nne asubuhi, na trekta lilikuwa likinguruma nyuma ya nyumba.

Jumapili hiyo hawakuja kula. Wala iliyofuata.

Wiki nne baadaye seneta alijitoa. Fedha zilimwishia, au hamu, sijui. Alionekana kwenye televisheni jukwaani na mpinzani wake, yule ambaye majira yote ya baridi tuliambiwa ni hatari kwa wafugaji, mikono yao imeshikana juu, wote wawili wakicheka. Nilikuwa jikoni kwa Ardith siku hiyo. Alizima televisheni, akaendelea kumenya karoti, kisha akasema, "Wao wamepatana. Umeona ilivyowachukua muda mfupi? Sasa mimi nikamwambie Delmar nini?"

"Mwambie hivyohivyo," nilisema.

Akaenda. Alimkuta bandani akichanganya maziwa ya ndama. Haya aliniambia yeye mwenyewe, bila kujipendelea.

"Mtu wako amejitoa," alimwambia. "Kona yako ingesimama, isingebadilisha kitu."

"Najua amejitoa. Nina televisheni."

"Basi tuache, Delmar. Njooni Jumapili."

Delmar aliweka ndoo chini. "Mlango sikulaumu. Mlango ni sheria ya chama. Ile nyingine ni sheria yako mwenyewe, uliitunga wewe, ungeweza kuivunja wewe. Nilibisha hodi nyumba mia moja na kumi, dada. Mia moja na kumi, na miguu hii. Nilihitaji mtu mmoja. Sema tu ulikosea, nitakuja Jumapili. Nitaleta na pai."

"Nasikitika ulivyoumia."

"Hiyo siyo niliyoomba."

"Siwezi kusema nilikosea. Nikisema, nitakuwa nakudanganya."

"Basi nidanganye," Delmar alisema. "Wote wametudanganya mwaka huu. Na wewe nidanganye mara moja."

Ardith alinieleza kwamba neno lilimfika mdomoni. Alimtazama ndama, akamtazama ndugu yake, akashindwa kulitoa. Akarudi kwenye gari.

Chama chenyewe kimeshaacha mikutano ile ya kusimama. Sasa watu wanapelekewa kadi kwa posta, wanaweka alama mezani kwao, wanairudisha, hakuna kona wala wa kuzihesabu. Kanuni ya Ardith haina tena mahali pa kutumika. Wagombea bado wanakuja, ingawa wachache, na bado tunagombana kwa niaba yao. Ninawafahamu kina baba hapa mjini ambao hawawezi kuwaambia watoto wao "mwanangu, shikamana na ndugu yako," kwa sababu wao wenyewe wamekatana na ndugu kwa ajili ya watu ambao hawatawahi kujua majina yao. Wa chama hiki na wa kile, wote sawa.

Msimu wa vuli uliopita Delmar aliuza ng'ombe wake, akahamia Arizona kwa binti yake. Ardith aliona tangazo la mnada limebandikwa kwenye duka la mbegu. Alikwenda mnadani, akasimama nyuma ya umati. Delmar alimwona, akagusa kofia kama mtu anavyomsalimu mgeni, akaendelea kuzungumza na dalali.

Ardith hakusema uongo, wala hakusogea hatua kumi. Alikuwa na ndugu mmoja tu, na amempoteza.